Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali yetu: tuonyesheni karatasi ya nusukaputi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kwa Mkuu wa Idara ya Upasuaji,
Na kwa wajumbe wote wa Bodi ya Usimamizi.

Waheshimiwa,

KUH: USALAMA WA WAGONJWA WANAOLAZWA USINGIZI KWA UPASUAJI WA UBONGO NA UTI WA MGONGO

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka 27 nimesimama katika vyumba vya upasuaji vya Pwani hii, nikihesabu pamba na mikasi, nikiwapokea wagonjwa wanaoingia na kuwasindikiza wanaotoka. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Barua ya kwanza niliileta mwenyewe mwezi wa Machi, ikapigwa muhuri pale dirishani. Ya pili niliileta Aprili. Mwezi wa Mei niliitwa kikaoni, nikaandaliwa chai, nikaambiwa jambo langu litafuatiliwa, nikasindikizwa hadi mlangoni. Juni nilipiga simu mara nne. Sijapata jibu la maandishi hata moja.

Jina la hospitali sikulitaja, wala la mfanyakazi yeyote. Ninyi mnajijua, na wagonjwa wangali wanahitaji kutibiwa hapo wiki hii. Sitaki waogope kuja. Nataka wakija wawe salama.

Mdogo wangu ni mkwezi. Tangu ujana wake anaangua nazi na madafu, na minazi ya Mtongwe anaijua mmoja mmoja. Siku hiyo aliteleza akashuka na kuti, akaangukia kichwa na bega. Tulivuka feri ya Likoni jioni, yeye akiwa bado anazungumza, analalamika kichwa na kuuliza panga lake limebaki wapi. Kabla ya Isha alikuwa ameanza kusinzia na jicho moja mboni imepanuka. Picha ya kichwa ilionyesha damu imejikusanya upande wa kushoto, inausukuma ubongo. Mkaamua apasuliwe usiku huohuo. Kwa uamuzi huo nawashukuru, na nitawashukuru kila siku. Daktari aliyemfungua fuvu aliokoa maisha yake.

Yuko hai. Anatembea. Lakini mkono wake wa kulia hauna nguvu ya kushika kijiko, na maneno yanamjia polepole kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Sisemi kwamba mlimlemaza. Damu ile peke yake yaweza kulemaza mkono, na mimi si mjinga wa mambo haya. Ninachosema ni kwamba kuna dakika 25 za usiku ule ambazo hakuna mtu anayeweza kutuambia ubongo wake ulikuwa katika hali gani. Na jinsi mambo yanavyoendeshwa, zitakuja dakika nyingine kama hizo kwa mgonjwa mwingine. Malalamiko yangu ni haya.

1. Karatasi ya nusukaputi ina pengo, na baada ya pengo ina namba nisizoweza kuziamini.

Asubuhi ya pili, nikiwa nimekaa karibu na kitanda chake, faili lilikuwa pale miguuni. Nililifungua kwa mazoea ya kazi. Karatasi ya nusukaputi, yaani kumbukumbu ya hali ya mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, ilianza vizuri saa tatu usiku: presha, mapigo ya moyo, oksijeni, kila baada ya dakika tano, kwa mwandiko safi wa mtu makini. Ilifika saa nne na dakika 20 ikanyamaza. Ilianza tena saa tano kasorobo. Kuanzia hapo iliandikwa 120/80, halafu 120/80, halafu 120/80, mara tisa mfululizo. Waheshimiwa, presha ya mtu aliyefunguliwa fuvu, anayetolewa bonge la damu kichwani, haitulii kama maji ya mtungini. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi thieta analijua hilo.

Siku ya tatu karatasi ile haikuwepo tena failini. Nilipouliza nikaambiwa imepelekwa rekodi. Rekodi wakaniambia haijafika.

Huenda wajumbe wa Bodi ambao si matabibu wakaona nakuza jambo la makaratasi. Naomba mnisikilize kidogo hapa. Karatasi hii ilianzishwa mwaka 1894 kule Boston na wanafunzi wawili wa udaktari, Harvey Cushing na Ernest Codman. Cushing alikuwa amempa mgonjwa etha, dawa ya usingizi ya enzi hizo, na mgonjwa akamfia mikononi. Badala ya kulifunika jambo lile, yeye na mwenzake wakaanza kuandika mapigo ya moyo na pumzi za kila mgonjwa waliyemlaza usingizi. Mwaka 1901 Cushing alipita Pavia, Italia, akaona kifaa cha kupimia presha kwa kufunga mkanda mkononi, akakichukua mpaka Baltimore, na presha nayo ikaanza kuandikwa. Huyo Cushing ndiye baadaye aliyekuja kuwa baba wa upasuaji wa ubongo. Mimi jambo hili hunigusa: mtu aliyetufundisha kufungua fuvu ndiye huyohuyo aliyetufundisha kuandika presha ya aliyelala.

Maana mgonjwa mwingine akizidiwa hulalamika. Huyu hawezi. Mmempa dawa ya usingizi, mmempa dawa ya kulegeza misuli, mmemtia mpira kooni. Hawezi kukohoa, kutikisa kidole wala kuita mama. Sauti pekee aliyobakiwa nayo ni zile namba na yule anayezisoma. Namba zikinyamaza, amenyamazishwa mara ya pili.

2. Hewa ya ukaa haikupimwa.

Kikaoni Mei niliambiwa kapnografu ya chumba kile, yaani kifaa cha kupima hewa ya ukaa katika pumzi ya mgonjwa, imeharibika na inasubiri fundi. Nikauliza tangu lini. Mmoja akasema miezi michache, mwingine akamkatiza.

Kwa upasuaji wa tumbo naweza kuelewa mtu akivumilia siku moja. Kwa ubongo sielewi hata kidogo. Fuvu ni kasha lisilotanuka. Ndani mna ubongo wenyewe, kama asilimia 80 ya nafasi, damu kama asilimia 10 na maji ya ubongo kama asilimia 10. Kimoja kikizidi, kingine lazima kibanwe. Na kinachofungua na kufunga mishipa ya damu ya ubongo kwa haraka kuliko kitu kingine chochote ni hewa ya ukaa iliyomo katika damu. Ikipanda milimita moja tu ya zebaki, damu inayokwenda ubongoni huongezeka kwa asilimia 3 hivi. Ikishuka, hupungua kwa kiasi hichohicho.

Sasa fikirieni mashine ya kupumulia inampa mgonjwa pumzi chache kuliko anavyohitaji. Hewa ya ukaa inapanda, mishipa inapanuka, ubongo ambao tayari umebanwa na damu unavimba zaidi. Kile kidude cha kidoleni kitaendelea kusoma oksijeni 99 bila kuonya chochote, kwa sababu mgonjwa anapewa oksijeni nyingi. Kinyume chake nako kuna hatari. Daktari anasema ubongo umevimba, mpumulishaji anaongeza pumzi, ubongo unanywea, daktari anafurahi kupata nafasi ya kufanya kazi. Lakini umenywea kwa sababu mishipa imejikunja, na ikijikunja kupita kiasi sehemu iliyojeruhiwa inakosa damu na kufa njaa. Ndiyo maana kwa kawaida hewa hiyo hulengwa kati ya 35 na 40, na kushushwa chini ya hapo ni kwa muda mfupi, kwa sababu inayojulikana, huku mtu akiangalia kipimo. Bila kapnografu au kipimo cha damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, anayeendesha mashine anakisia. Usiku ule hapakuwa na kapnografu, na failini sikuona karatasi ya kipimo cha damu ya ateri hata moja.

3. Presha ilipimwa mkononi, kichwa kikiwa juu.

Hili nitalieleza kwa hesabu, maana kila mzazi aliyesoma mpaka darasa la nane ataielewa. Presha inayolisha ubongo ni presha ya wastani ya damu ukitoa shinikizo lililomo ndani ya fuvu. Kwa mtu mzima lile shinikizo kwa kawaida halizidi milimita 15 za zebaki. Kwa aliyevuja damu kichwani hupanda. Tuseme ni 20, na presha ya wastani ni 75. Ubongo unapata 55. Mapendekezo ya kimataifa kwa majeruhi wa kichwa ni kati ya 60 na 70, kwa hiyo tayari ana upungufu. Halafu kichwa kimeinuliwa, kama inavyotakiwa, ili damu ishuke kwa wepesi. Kikiinuliwa sentimita 20 juu ya moyo, presha inayofika kichwani ni pungufu kwa kama 15 kuliko inayosomwa mkononi. Ubongo umebaki na 40, na karatasi inaonyesha mambo ni sawa.

Dawa yake ni sindano ndogo katika mshipa wa ateri, kwa kawaida ule wa kifundo cha mkono, inayosoma presha kila pigo la moyo, na kipokezi chake, kile kinachogeuza presha kuwa namba, kikawekwa usawa wa sikio la mgonjwa. Siombi maajabu. Hili ni la kawaida kwa upasuaji wa aina hii, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba majeruhi wa kichwa ambao namba ya juu ya presha yao ilishuka chini ya 90, hata mara moja, walikufa zaidi sana kuliko ambao haikushuka. Mkanda wa mkononi unaopima kila dakika tano unaweza kuipita ile mara moja. Na usiku ule haukupima kwa dakika 25.

4. Mtaalamu mmoja, vyumba viwili.

Sikuambiwa na mfanyakazi yeyote, kwa hiyo msimtafute wa kumwadhibu. Nilikuwa nimekaa benchi la koridoni na wifi yangu, na nilimwona kwa macho yangu yule kijana wa nusukaputi akivuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine mara mbili, mbio, mara ya pili stima ikiwa imepotea. Chumba cha pili kulikuwa na mama anayejifungua kwa upasuaji. Mngetaka amwache yupi? Simlaumu hata chembe. Mwandiko wake wa mwanzo unaonyesha anaijua kazi. Aliyempanga peke yake kwa vyumba viwili ndiye ninayemuuliza. Viwango vya Shirika la Afya Duniani na shirikisho la kimataifa la wataalamu wa nusukaputi, vya mwaka 2018, vinataka mtaalamu awe chumbani muda wote mgonjwa amelala. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa huanza kudhurika ndani ya dakika nne au tano. Huo ni muda wa kumtoa mtoto tumboni na kumfunga kitovu.

5. Stima na betri.

Ilipotea saa nne na robo hivi. Jenereta ilinguruma baada ya muda mfupi, nasema kweli, lakini pengo la karatasi linaanza palepale. Kwa maoni yangu betri ya monita ilikuwa imekufa na hakuna aliyekuwa ameijaribu. Betri ya monita si jambo la kusubiri bajeti ya mwaka.

6. Wanaopasuliwa uti wa mgongo.

Kitanda cha jirani alilazwa mzee kutoka Kwale, ambaye ameniruhusu nimsemee. Alipasuliwa mgongo akiwa amelazwa kifudifudi kwa saa tano. Alitoka na vidonda kipajini na kidevuni, na jicho moja linaona ukungu mpaka leo. Macho na uso wa mgonjwa aliyelala kifudifudi hukaguliwa mara kwa mara na kuandikwa kwamba vimekaguliwa. Katika faili lake mwanawe hakuona neno lolote kuhusu macho.

Najua vipo vifaa vinavyotuma vijiumeme kutoka kichwani hadi miguuni ili kujua kama ugwe wa neva ulio ndani ya uti unabanwa wakati wa upasuaji. Ni ghali, na vinataka aina fulani ya usingizi, kwa sababu dawa za kulegeza misuli na gesi nyingi ya usingizi huzima vijiumeme hivyo. Hivyo sitavidai kesho. Lakini tangu miaka ya 1970 madaktari wa Ufaransa walitufundisha jaribio lisilohitaji kifaa: unapunguza usingizi katikati ya upasuaji, unamwambia mgonjwa, mzee, chezesha vidole vya miguu, ukiona vinacheza unamlaza tena. Anaelezwa mapema ili asishtuke, na kwa kawaida hata hakumbuki. Mimi mwenyewe nimeshika miguu ya wagonjwa chini ya shuka nikisubiri vidole vicheze. Vikicheza, chumba kizima hupumua. Pale ambapo upasuaji unaweza kudhuru ugwe na mashine haipo, kwa nini jaribio hili lisifikiriwe?

Naujua utetezi utakaokuja, kwa sababu baadhi yake nimeshausikia nikinywa chai yenu.

Mtasema hakuna fedha. Waheshimiwa, hospitali inapotangaza kwamba inapasua ubongo, imeshasema ina vya kupasulia ubongo. Kununua msumeno wa fuvu mkaacha kapnografu ni kujenga ghorofa mkaacha ngazi. Na mengi ninayoyaomba hayana bei: kuandika, kukagua macho, kujaribu betri asubuhi, kuweka kipokezi usawa wa sikio.

Mtasema mgonjwa alifika akiwa mahututi. Ni kweli, na ndiyo sababu alihitaji kuangaliwa zaidi ya mwingine.

Mtasema wataalamu wa nusukaputi ni wachache nchini. Hilo pia ni kweli, na wachache waliopo wanachoka kuliko wengine wote hospitalini. Basi mkiwa na mmoja usiku, andikeni utaratibu: nani anaitwa kutoka nyumbani, ndani ya dakika ngapi, na upasuaji upi unasubiri. Asiachiwe kijana aamue peke yake koridoni nani aishi.

Mtasema faili ni mali ya hospitali. Karatasi ni yenu, habari iliyomo ni ya mdogo wangu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari anazozihitaji kulinda haki yake, iwe zinashikwa na serikali au na mtu mwingine. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake mwenyewe. Barua yangu ya kwanza ina muhuri wenu na tarehe yenu.

Na mtasema ninachafua jina la hospitali. Nilikaa kimya tangu Machi nikiwalindia jina hilo.

Ninayoyaomba ni haya, na nayaomba kwa unyenyekevu lakini sirudi nyuma:

a) Nakala kamili ya karatasi ya nusukaputi ya mdogo wangu, pamoja na kumbukumbu iliyohifadhiwa ndani ya monita kama bado haijafutwa. Kama karatasi imepotea, tuandikieni kwamba imepotea na jina la cheo cha aliyekuwa na dhamana ya kuitunza.

b) Maelezo ya maandishi kuhusu zile dakika 25, kutoka kwa watu waliokuwemo chumbani, wakihakikishiwa kwamba hawatafukuzwa kwa kusema kweli.

c) Mpaka kapnografu itengenezwe, mgonjwa wa ubongo asiye wa dharura asilazwe usingizi katika chumba kile. Wa dharura apimwe damu ya ateri, matokeo yaandikwe.

d) Mtaalamu mmoja, mgonjwa mmoja, kila mara ubongo au uti wa mgongo unapofunguliwa.

e) Mzee wa Kwale aonwe na daktari wa macho kwa gharama yenu, wiki hii.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka jambo hili kwa Ombudsman, anayepokea malalamiko ya umma, na kwa baraza linalosajili madaktari na hospitali nchini. Ningependa zaidi tulimalize kwenu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya rekodi. Nitakuja na kitambulisho cha mdogo wangu na idhini yake ya maandishi kwamba nikabidhiwe habari zake. Ametia dole gumba la kushoto mahali pa sahihi.

Wenu kwa heshima,

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji,
Likoni, Mombasa.